Mtu Mzima Darasani Ugenini: Maisha ya Jomo Kenyatta Mjini London, 1933 hadi 1938

  

Somo la leo lahusu jambo ambalo wengi wetu twalijua kwa nje tu. Kijana wa kijijini apata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Jamaa wachanga fedha, wazee watoa dua, mama alia kituoni. Baada ya miezi kadhaa yaja picha: kijana amevaa koti zito, na nyuma yake lasimama jumba kubwa la mawe. Sisi tuliobaki nyumbani twaitazama picha ile, twasema, "Huyu sasa ameula." Lakini picha haisemi alikula nini asubuhi ile. Haisemi kodi ya chumba chake yalipwa na nani, wala katika jumba lile la mawe hufanya kazi gani kutwa kucha.

Basi leo tutafungua mlango wa chumba kimoja tuone yaliyomo. Mwenye chumba ni mtu ambaye jina lake mwalijua: Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Habari zake za kesi ya Kapenguria na za Ikulu mmezisikia mara nyingi, nasi hatutazirudia. Tutazungumza juu ya miaka mitano tu, tangu 1933 hadi 1938, wakati alipokuwa mpangaji mwenye madeni na mwanafunzi wa masomo ya juu.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mtu mzima kama ninyi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, lakini alipoingia darasani mwaka wa 1935 alikuwa karibu na umri wa miaka arobaini. Ya pili, habari zake zaonyesha jinsi mtu aliyekuwa akiulizwa maswali na wataalamu alivyogeuka kuwa mwandishi mwenyewe. Lishikeni jambo hilo, maana ndilo kiini cha somo letu.

ALIKOTOKA

Alizaliwa katika nchi ya Wakikuyu, akaitwa Kamau. Mwaka wa 1909 aliingia shule ya misheni ya Waskoti pale Thogoto. Huko alijifunza kusoma, kuandika na kazi ya useremala, na mwaka wa 1914 akabatizwa jina la Johnstone. Baadaye alifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, akisoma mita na kutunza ghala. Angalieni vizuri: hakupata shule ya sekondari, wala hakuwa na cheti cha kumwingiza chuo kikuu.

Mwaka wa 1928 akawa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai haki ya ardhi. Mwaka huo huo akaanza kuhariri gazeti la chama, Muigwithania, lililoandikwa kwa Kikikuyu. Chama kilimpeleka London mwaka wa 1929, akarudi mwaka uliofuata. Mwezi wa Mei 1931 akapelekwa mara ya pili, yeye na Parmenas Mukiri, kupeleka malalamiko mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kamati ile haikukubali kusikia maneno yao kwa mdomo. Mukiri baadaye akarudi nyumbani. Kenyatta akabaki.

Akasoma kwa muda katika chuo cha Woodbrooke mjini Birmingham, akaenda Moscow kusoma huko, na mwaka wa 1933 akarudi London. Nauli yake ya kwanza ilikuwa fedha ya wanakijiji, shilingi kwa shilingi. Sasa kijiji kilikuwa mbali, na fedha ile ilikuwa imekwisha.

CHUMBA NA BARIDI

Alipanga chumba katika nyumba nambari 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, si mbali na stesheni kubwa ya Victoria. Ukipita hapo siku hizi utaona kibao cha duara cha buluu ukutani. Kiliwekwa mwaka wa 2005 kuwajulisha wapita njia kwamba Kenyatta aliishi humo tangu 1933 hadi 1937. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa na habari ya kibao. Habari iliyokuwapo ilikuwa kodi.

Huenda mtu akauliza, chumba cha kupanga ni jambo la kutia katika somo la historia? Naam, ni jambo kubwa. Katika miaka ile mtu mweusi aliyebisha hodi kwa mwenye nyumba wa London mara nyingi aliambiwa chumba kimekwisha pata mtu, ingawa tangazo lilikuwa bado dirishani. Hakuna sheria iliyokataza. Sheria ya Uingereza ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo katika nyumba za kupanga ilipitishwa mwaka wa 1968, yaani baada ya Kenya kupata uhuru. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa Afrika Magharibi, ambao chama chao kiliundwa mwaka wa 1925, walijitahidi mpaka wakafungua nyumba yao wenyewe ya kulala wageni mwaka wa 1933, mtaa wa Camden. Mwaka wa 1934 ikafunguliwa nyingine, Aggrey House, kwa msaada wa Wizara ya Makoloni. Wanafunzi wengi waliitilia shaka hiyo ya pili, wakiona kwamba serikali yataka kuwaweka mahali pamoja ili iwachungulie. Basi mtu aliyepata mwenye nyumba wa kumvumilia, tena akaivumilia kodi iliyochelewa, alikuwa amepata bahati.

Na kodi ya Kenyatta ilichelewa. Fedha zilimpungukia mara kwa mara, akaishi kwa kukopa na kwa wema wa marafiki.

Tena iko baridi. Sisi tulio karibu na Ikweta jua letu huchwa saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Mjini London, katika mwezi wa Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Nyumba nyingi za miaka ile zilipashwa moto kwa makaa ya mawe, na moshi wake ukichanganyika na ukungu watu hupapasa ukuta mchana kweupe. Katika vyumba vingi vya kupanga palikuwa na jiko la gesi lenye kula sarafu: watia peni, wapata moto kidogo, sarafu ikiisha, moto wazimika. Basi mwanafunzi maskini hujifunza upesi kwamba mahali pa kusomea pasipo gharama ni maktaba.

KAZI ZA KUJIPATIA RIZIKI

Sasa twafika kwenye jambo la riziki. Kenyatta alifanya kazi za namna tatu, na zote zafaa kuangaliwa, maana katika kila moja alilipwa kwa kuwa Mwafrika.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kutoa sauti. Katika chuo cha University College London palikuwa na idara ya elimu ya matamshi. Mwalimu mmoja wa idara hiyo, Bibi Lilias Armstrong, alikuwa akichunguza lugha ya Kikikuyu. Lugha hiyo, kama wajuavyo wenyewe, ina kupanda na kushuka kwa sauti; neno likipandishwa huwa na maana hii, likishushwa huwa na maana ile. Hapana kitabu kilichoweza kumfundisha Bibi Armstrong jambo hilo. Ilimlazimu kumpata Mkikuyu, amketishe, amwambie, "Sema tena." Kenyatta ndiye aliyesema tena, katikati ya miaka ya thelathini, mara zisizo na hesabu. Bibi Armstrong alifariki mwezi wa Desemba 1937, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1940. Kitabu ni cha Armstrong. Sauti iliyomo ni ya Kenyatta.

Kazi ya pili ilikuwa ya sinema. Mwaka wa 1935 ilitoka filamu iitwayo Sanders of the River, iliyotengenezwa na ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda. Mhusika mkubwa Mwafrika aliigizwa na mwimbaji Paul Robeson wa Marekani. Kwa kujaza watu katika picha walitafutwa Waafrika waliokuwako Uingereza, na Kenyatta akapata nafasi ndogo ya kuwa mmoja wa machifu. Filamu ile ilimsifu mtawala wa Kiingereza kama baba wa watu wasiojiweza. Robeson aliichukia baadaye, akaikana hadharani. Tazameni basi: mtu aliyetumwa na watu wake kuudai uhuru wa ardhi yao, amevaa ngozi mbele ya kamera, apate fedha ya kodi. Msimcheke. Njaa ina maneno yake, na mwanafunzi asiye na mfadhili huyasikia kila jioni.

Kazi ya tatu ilikuwa ya kufundisha Kiswahili. Mwaka wa 1937 alifika London mtaalamu kijana Mmarekani mweusi, Ralph Bunche, aliyekwisha pata shahada ya udaktari, naye alikuwa akijitayarisha kusafiri Afrika. Akamwajiri Kenyatta kumfundisha lugha yetu. Bwana Bunche huyo ndiye aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 1950. Basi lugha hii tunayozungumza sasa redioni ilimlisha mwanafunzi mmoja na kumsafirisha mwingine.

DARASA LA MALINOWSKI

Mwaka wa 1935 Kenyatta alianza masomo katika London School of Economics, karibu na Aldwych, mwendo wa kama maili mbili kwa miguu kutoka Pimlico. Alikubaliwa kusomea diploma ya wale waliokwisha hitimu, katika elimu ya mila na maisha ya watu, ambayo wataalamu huiita anthropolojia. Hakuwa na shahada ya kwanza. Aliyemfungulia mlango ni profesa wake, Bronislaw Malinowski, ambaye pia alimsaidia kupata msaada wa fedha.

Malinowski mwenyewe alikuwa mgeni. Alikuwa Mpolandi, na alifika katika chuo hicho hicho mwaka wa 1910 akiwa mwanafunzi wa ng'ambo. Vita vya 1914 vilimkuta upande wa Australia, akaishi muda mrefu katika visiwa vya Trobriand, akijifunza lugha ya wenyeji na kuketi nao. Kutokana na maisha hayo alipata fundisho lake kubwa: usiichukue desturi moja peke yake ukaicheka. Uliza, desturi hii yafanya kazi gani? Yashikana vipi na ndoa, na shamba, na ibada, na baraza la wazee? Watu ni kama nyumba: ukitoa nguzo moja bila kujua yabeba nini, huenda paa likakuangukia.

Huenda mwafikiri kwamba masomo ya juu ni kusikiliza mwalimu na kuandika asemayo. La. Kazi kubwa ilifanyika katika semina, yaani baraza la masomo. Mwanafunzi mmoja husoma karatasi aliyoiandika kwa majuma mengi. Wenzake humsikiliza, kisha humwuliza maswali makali. Wajuaje? Nani alikuambia? Mbona jambo hili halilingani na lile? Profesa naye hukata maneno, hushika kosa, hurudisha karatasi iandikwe upya. Mwenye kuzoea baraza la wazee hatalishangaa jambo hili, ila hapa wazee wa baraza walikuwa vijana wa Ulaya na Marekani.

Na wenzake walikuwa akina nani? Mmoja aliyehudhuria mafunzo ya Malinowski mwaka wa 1937 ni Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Kenya, ambaye mwaka wa 1935 alikuwa ametoa kitabu cha kumsifu Lord Delamere, mkubwa wa walowezi. Fikirini chumba hicho. Upande mmoja yuko binti wa walioichukua ardhi, upande mwingine yuko katibu wa walioipoteza, na juu ya meza iko karatasi ihusuyo ardhi yenyewe. Nyumbani Kenya watu hawa wawili wasingaliketi meza moja. Darasani London waliketi, na kila mmoja alitakiwa kutoa ushahidi.

Hapa ndipo Kenyatta alipoona faida yake. Tume ya ardhi, iliyoongozwa na Morris Carter, ilikuwa imetoa taarifa yake mwaka wa 1934, na Wakikuyu hawakuridhika nayo. Walowezi walizoea kusema kwamba Mwafrika hajui umiliki wa ardhi, kwamba ardhi ni ya kabila zima, hivyo si ya mtu. Kenyatta akaandika karatasi ya kitaalamu juu ya githaka, yaani shamba la ukoo, na juu ya mbari, yaani ukoo wenyewe: nani hurithi, nani hupewa ruhusa ya kulima tu, mpaka hupandwa mti gani mbele ya mashahidi gani. Malalamiko ya chama yaliyokataliwa na Bunge kwa mlango wa mbele sasa yaliingia kwa mlango wa chuo kikuu, yamevaa mavazi ya elimu.

KITABU

Karatasi hizo za semina zikakusanywa zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka London mwaka wa 1938, na dibaji yake iliandikwa na Malinowski. Jina la mwandishi juu yake lilikuwa jipya: si Johnstone tena, ni Jomo. Ndani ilitiwa picha yake, amejitanda joho la ngozi, ashika mkuki, ajaribu ncha kwa kidole. Mkumbuke yule chifu wa sinema. Vazi lakaribiana na lile, lakini sasa aliyeamua namna ya kutazamwa ni mwenye vazi mwenyewe.

Ndani yake iko hadithi ya mtu aliyemruhusu tembo aingize mkonga wake kibandani wakati wa mvua. Tembo akaingia mwili mzima, akamtoa mwenye kibanda nje. Mtu akashtaki, simba akaunda tume ya kuchunguza, na wajumbe wote wa tume wakawa wanyama. Wasomaji wa Kenya hawakuhitaji kuelezwa tume ile ni ipi.

Mwanzoni kitabu hakikuuzwa sana. Wala hatupasi kukisoma kama msahafu. Kenyatta alikuwa akiitetea nchi yake, na mtetezi huonyesha upande ulio mzuri. Aliwachora Wakikuyu wa zamani kama watu wenye mapatano mengi kuliko walivyokuwa wanadamu wa kawaida. Tena aliitetea desturi ya kuwatahiri wasichana, desturi ambayo madhara yake yamejulikana wazi na ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaikataza kabisa. Msomaji mwenye akili aweza kumheshimu mwandishi huku akikataa neno lake moja.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Kabla yake, Mwafrika katika vitabu vya elimu ile alikuwa kama shahidi: huitwa, huulizwa, hushukuriwa katika mstari mmoja, kisha huenda zake. Kenyatta alitoa sauti kwa kitabu cha Bibi Armstrong kwa njia hiyo hiyo. Katika kitabu chake mwenyewe aliketi kiti cha mwandishi, akashuhudia na kueleza maana ya ushahidi wake. Njia aliyofundishwa na wageni aliitumia kwa kazi aliyotumwa na watu wake.

BEI YAKE

Sasa tupige hesabu, maana elimu ina bei. Kenyatta alitoka nyumbani mwaka wa 1931 akamwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili. Mvulana alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, na msichana, Margaret Wambui, alikuwa na miaka mitatu. Kitabu alikitolea kwa Moigoi na Wamboi, yaani watoto hao wawili, na kwa vijana wote wa Afrika walionyang'anywa urithi wao. Wambui alikuwa amefika miaka kumi. Vita vya 1939 vilimfungia njia ya kurudi, akafanya kazi ya shamba huko Storrington, Sussex, na kutoa mafundisho kwa chama cha elimu ya wafanyakazi, yaani alikuwa mwalimu wa watu wazima. Mwaka wa 1942 alioa Uingereza mwanamke mwingine, Edna Clarke. Aliporudi Kenya mwezi wa Septemba 1946, Wambui alikuwa na miaka kumi na minane. Miaka kumi na mitano ya utoto hairudishwi na diploma.

Rafiki yake Mbiyu wa Koinange alichukua njia nyingine. Yeye alisoma Marekani, hadi Chuo Kikuu cha Columbia, kisha Cambridge, akarudi Kenya mwaka wa 1938. Mwaka wa 1939 akafungua chuo cha waalimu pale Githunguri, kwa fedha za wananchi wenyewe. Mmoja alirudi upesi na shule, mwingine alikawia akarudi na kitabu. Na Kenyatta alipofika mwaka wa 1946 alikwenda kufanya kazi katika chuo hicho cha Githunguri. Basi njia mbili zilikutana.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wasomaji, iwapo mna kijana ng'ambo leo, msimwandikie kumwuliza shahada tu. Mwulizeni chumba chake kina moto? Anakula na nani? Analipwa kwa kazi gani, na kazi hiyo yamsogeza karibu na masomo yake au yamwondoa? Na wewe kijana uliye huko, kila mara utakapoitwa kutoa habari za kwenu kwa ajili ya kitabu cha mtu mwingine, toa kwa uaminifu, kisha uende chumbani ukaandike zako.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kenyatta aliingia masomo ya juu bila cheti cha sekondari. Je, ni vema vyuo vikubali watu wazima kwa ujuzi wao? Toeni sababu za pande zote mbili.

2. Kuigiza katika filamu ya kuusifu utawala wa kikoloni ili kulipa kodi: lilikuwa kosa au lilikuwa jambo la lazima? Kila mmoja aeleze maoni yake.

3. Katika kijiji chenu nani ajua habari za mipaka, urithi na desturi za zamani? Nani anaziandika?

4. Kijiji kikimchangia kijana nauli ya kwenda kusoma, yeye anawiwa nini? Nacho kijiji, baada ya kumchangia, bado kinawiwa nini juu yake na juu ya watoto aliowaacha?

Jadilianeni kwa taratibu, na karani wa kikundi aandike majibu. Hadi somo lijalo, kwaherini.